Chungu chenye Alama ya Bibi Justa

Kila alipotoka shule, Coletha alivua sare, akaketi nyuma ya nyumba yao pale Didia na kutwanga vigae. Vyungu vilivyovunjika havikutupwa. Vilitwangwa vikawa unga mwekundu, ukachanganywa na udongo wa mfinyanzi ili chungu kipya kistahimili moto. Kutwanga ilikuwa kazi yake. Kufinyanga ilikuwa kazi ya mama yake, Esta.

Mwaka huo wa 1974 mvua ziligoma. Mtama ulikauka ungali mchanga, na unga wa njano, ule watu waliouita Yanga, ulikwisha dukani kabla foleni haijafika katikati. Esta alibaki na tegemeo moja. Mama Ngassa, aliyekuwa bado na akiba ghalani, alikuwa ameagiza vyungu, na bei ilikuwa ile ya kale: chungu hununuliwa kwa nafaka inayokijaza.

"Coletha mla vumbi!" Serafina, mwanafunzi mwenzake, aliita kutoka njiani. "Njoo tucheze rede! Au umeolewa na mchi?"

Coletha alivitazama vigae vilivyosalia. Akavisukumia chini ya majani, akajazia kikapu cha unga wa vigae kwa mchanga wa uani, akatoka mbio.

"Umemaliza?" mama yake aliuliza jioni.

"Nimetwanga vyote, mayu."

Siku ya kuchoma, Esta alivipanga vyungu juu ya kuni, akavifunika kwa nyasi kavu, akawasha. Moto ulipokolea, paa! Kisha paa tena! Vipande vya moto viliruka hadi mlangoni. Majivu yalipopoa, chungu kimoja tu kilikuwa kimesimama, nacho kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele kwenye tako lake.

Esta aliketi chini. Hakulia. Alivitazama viganja vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine. "Mikono imekufa," alisema. "Marehemu mama yangu alinifundisha bure."

Coletha aliinama, akaanza kuokota vigae.

"Mayu, njaa," alilia Maige, mdogo wake.

Kesho yake mama hakuinuka kitandani. Alilala akiutazama ukuta. Coletha akaziba ufa kwa nta ya nyuki, akapaka masizi juu yake, akajitwika chungu mpaka kwa Mama Ngassa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vingine viko wapi?"

"Vi... vinafuata."

Mama Ngassa alipitisha kidole shingoni mwa chungu, palipozungukwa na alama zilizochorwa kwa gunzi. "Alama ya bibi yako Justa! Chungu cha harusi yangu kilikuwa nayo. Vyungu vya wengine huvigonga nisikie kama ni vizima. Hiki sikigongi."

Akaanza kumimina mtama. Uliporomoka kwa sauti tamu kuliko kengele ya kwenda nyumbani. Ulipofika katikati, Coletha alimwona Maige mawazoni, akila. Kisha akamwona bibi yake akitukanwa jikoni mwa watu, siku maji yatakapovuja na kuzima moto.

"Basi, mama! Usimimine! Kina ufa, nimeuziba kwa nta." Akaangua kilio, akayatoa yote: vigae, mchanga, rede, mama aliyelala.

Mama Ngassa aliweka ungo chini. "Yaani ungenizimia jiko kwa jina la marehemu?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Mama Ngassa alipapasa tako la chungu mpaka kidole kikaipata nta. "Hiki hakitaona maji," alisema hatimaye. "Nitahifadhia mbegu za maharage. Mtama uliofika humu ni wenu. Nusu iliyobaki umeila kwa uvivu wako. Nenda ukamwambie mama yako ukweli, kabla hajaizika mikono yake."

Esta alisikiliza bila kupepesa macho. Kisha akainuka, akavuta jiwe la kusagia.

"Kumbe haikuwa mikono yangu," alisema. "Siku nzima nimelala nikijiona maiti, nawe ulijua."

"Nilijua, mayu."

"Sikia, Coletha. Ile alama si pambo. Ni bibi yako anamwambia mnunuzi: wa kwetu hawadanganyi. Njaa ina mwisho wake. Jina likiharibika, hata wajukuu watalala nalo njaa."

Uji ulipoiva, Maige alipewa kwanza. Coletha alipewa mwisho, akapokea kwa mikono miwili.