Walijua Ugonjwa wa Mume Wangu, Wakaninyamazia

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na mitatu na naishi Gisenyi. Nilizaliwa ukimbizini Tanzania, nikaolewa hukohuko na Faustini, seremala mpole asiyeonja pombe. Tuliporudi Rwanda baada ya vita, ndipo mikosi ilipoanza...

Mikono yake ilianza kucheza yenyewe. Ikafuata miguu, kisha uso. Akawa mkali, akawa anasahau hata vipimo vya mlango! Majirani wa mtaa wetu wa Rubona wakacheka: mtu anakaa karibu na kiwanda cha bia, atakosaje kulewa? Wateja wakatukimbia.

Nilivuka mpaka kwenda Goma kumuuliza shangazi yake. Akainamisha kichwa.

"Baba yake alikufaka hivi hivi, mama. Tulijuaka... tuliogopa utakataa."

Walijua! Wote!

Hospitalini tulimkuta daktari mgeni, mtafiti. Alimtoa Faustini damu, akanieleza kwamba mwilini kuna protini nyingi, na kila moja ina wenzake wa kufanya nao kazi. Moja ya mume wangu imeharibika kwa kurithi; inang'ang'ania zisizoihusu, na ubongo unaharibika. Yeye na watafiti wenzake wanachora ramani ya kuonyesha ipi inashikana na ipi, ili siku moja ipatikane dawa ya kuzitenganisha.

Siku moja! Na mume wangu je? Daktari alisema kwake bado hakuna dawa. Nikauliza kuhusu watoto. Akasema mtoto anaweza kurithi au asirithi, nusu kwa nusu.

Binti yetu wa pekee, Imakulata, alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kanama, karibu na Gisenyi. Mama mkwe wangu, mama yake Faustini, akanionya nifunge mdomo. Nifanye nini? Nikisema, namvunjia mwanangu ndoa. Nikinyamaza, namtendea mtoto wa mwenzangu yaleyale niliyotendewa! Nikimbie? Nimwachie nani Faustini, ambaye hata kijiko hakifikishi mdomoni?

Nilimwambia Imakulata. Akaniuliza:

"Mama, wewe ungeambiwa, ungemkubali baba?"

Swali hilo nalibeba mpaka leo.

Alikwenda mwenyewe kumweleza mchumba wake. Kijana yule hakuja tena. Sasa tunamlisha Faustini kwa zamu, na Imakulata akijikwaa hata kidogo, sote wawili tunajifanya hatukuona...

Ndugu zangu, nawasihi, msifiche ugonjwa wa ukoo kwa hofu ya kukataliwa. Semeni kabla ya posa! Anayeambiwa anaweza kuchagua kubaki. Mimi nampenda Faustini, nami nimebaki. Lakini nafasi ya kuchagua... sikupewa.