Mate ya Ng'ombe

Kila Jumamosi Loretta huanika nguo nyuma ya nyumba. Jumamosi hiyo ya Julai alitoka na kapu lake, akakwama mlangoni. Maua ya marehemu mama yake hayakuwepo. Yalibaki mabua mafupi, na Verlin, mumewe, alikuwa anafuta mashine ya kufyekea.

"Umefanya nini, Verlin?"

"Nimefyeka hayo mate ya ng'ombe. Yamelala chini, yamegeuka manjano. Kila nikirudi kazini nayakuta yamejifunga. Ua gani hilo? Kesho nang'oa mizizi, nipande nyasi."

Watu wa Missouri, Marekani, huyaita maua hayo hivyo kwa sababu bua likivunjwa hutoa ute. Loretta hakucheka. Nyumba ya mama yake ilishabomolewa, na mashina hayo ndiyo kitu pekee alichowahi kukichukua kabla haijabomolewa.

"Gusa mizizi uone," alisema. "Utahama humu ndani."

Bi Opal, jirani yao, aliyasikia yote ng'ambo ya uzio. Alikuja, akainama, akafukua kwa kidole.

"Mizizi mizima," alisema. "Pole, Loretta, lakini hayajafa. Yakimaliza kuchanua, majani huchoka. Hukatwa hivi hivi, karibu na ardhi, yachipue upya. Mwagilia tu, udongo usikauke."

"Kumbe nimefanya vizuri," Verlin akadakia.

"Umebahatisha. Maua haya hufunguka asubuhi, jua likiwa kali yanajifunga. Wewe unatoka alfajiri, na wikendi unalala mpaka mchana. Utayaona saa ngapi? Usilolijua ni usiku wa giza, bwana."

Verlin akarudisha bandani sepetu aliyokuwa ameitoa kwa ajili ya mizizi.

Loretta alimwagilia kila jioni, bila kumsemesha mumewe. Majani mabichi yakatoka, kisha vitumba.

Jumapili moja ya Septemba alimvua Verlin blanketi asubuhi na mapema.

"Amka. Njoo uone ulichotaka kung'oa."

Verlin alitoka pekupeku, nywele timtim. Maua yalikuwa wazi, kila moja na petali tatu. Aliinama, akaligusa moja.

"Kumbe ni ya buluu," alisema.

"Miaka yote hii unapita hapa." Loretta alikuwa bado amekasirika. "Bi Opal anasema baridi ikiisha tu, machipukizi yakianza, tufukue shina na kuligawa, kila kipande na mizizi yake. Sepetu utashika wewe. Kimoja tutakipanda kaburini kwa mama."

"Sawa."

"Na tutakwenda kumwona asubuhi, Verlin. Siyo mchana."