Mifuko ya Motekiai

Jumamosi hapa Nuku'alofa, mji wetu wa Tonga, kwa dobi Mama Fusi hapawekeki mguu. Kesho yake ni Jumapili, siku ambayo hata kamba ya kuanikia hupumzika, na atakayekwenda kanisani na shati lililofifia atasemwa mpaka Jumapili nyingine. Kwa hiyo watu husukumana na vikapu vyao, mashine zinanguruma, watoto wanalilia maji, na harufu ya sabuni inagombana na ya samaki wa kukaanga wanaouzwa mlangoni.

Katikati ya zogo hilo, Kalolaine alisimama nyuma ya kaunta na gauni lake la maua mekundu, nywele amezibana juu kwa kichana cha gamba la kasa, akainua shati lililoletwa asubuhi likiwa jeupe. Sasa lilikuwa zambarau kifua kizima.

"Mwenye hili ni nani?"

Akasogea kijana mrefu, mabega mapana, na tupenu, ile sketi ya wanaume ya kujifunga, nyeusi, iliyopigwa pasi, inayofika vizuri chini ya magoti. Tupenu yenyewe ilikuwa na mifuko miwili mikubwa, na yote miwili ilikuwa imetuna.

"Langu. Ila nililileta likiwa na rangi nyingine."

"Ulilileta na kalamu mfukoni, kaka. Kalamu imepasuka, imeharibu na shati la mchungaji."

"La mchungaji wetu?"

"Una wangapi? Utamweleza wewe, mimi simo."

Watu wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, tena akacheka vibaya, akashika kaunta. Jina lake Motekiai, fundi wa majokofu, mwimbaji wa sauti nene katika kwaya ya kanisa lao. Kalolaine alitaka kukasirika zaidi lakini meno ya yule mtu yalimharibia hasira.

Jumamosi iliyofuata, alipopekua mifuko ya Motekiai, alikuta pakiti ya pipi za mnanaa, mpya, haijafunguliwa. Akampigia simu.

"Umesahau pipi zako."

"Sijasahau."

"Zimo mfukoni."

"Najua ziko wapi, Kalo. Swali ni kwa nini bado hujazila."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kila Jumamosi mfuko ulikuwa na kitu: mara hereni za kome, mara karanga, mara ua la heilala limekunjwa kwenye kitambaa. Mama Fusi, shangazi yake Kalolaine na mwenye duka, aliona yote akanyamaza, maana ndiyo ilikuwa sheria ya duka lake. "Kinachotoka mfukoni kinaingia kwenye kopo," alikuwa akisema, "kopo linafungwa, na mdomo unafungwa pamoja nalo." Katika makopo yale yalikwishapita meno ya bandia na picha za wasichana ambao hawakuwa wake za watu wenye mifuko. Hakuna lililowahi kutoka nje.

Simu zao zilikuwa ndefu. Ila kuna nyakati Motekiai alikata maneno katikati.

"Niite basi vile unavyoniita," Kalolaine angedeka.

"Ngoja. Silia yupo jikoni."

"Dada yako atakula masikio yako?"

"Ngoja nitoke nje, bibi wee. Unataka nikuite 'mpenzi' dada yangu akisikia? Nitazikwa wapi?"

Na kweli angetoka nje, akasimama karibu na zizi la nguruwe, na hapo ndipo maneno matamu yangeanza, nguruwe wakiwa mashahidi. Kalolaine alikuwa akimcheka, ingawa yeye mwenyewe asingethubutu kumtajia kaka yake jina la mwanamume. Ndivyo tulivyolelewa. Kaka na dada wakishakua hawalali chini ya dari moja, ndiyo maana Motekiai alilala kibanda cha uani, na habari za mapenzi hazipiti kati yao hata kwa utani.

Mipango ikaiva. Wazee wa Motekiai wangekuja na mikeka, nguruwe na mzizi wa kava, kinywaji chetu cha heshima, kumposa Kalolaine baada ya sikukuu ya kanisa. Alikuwa ameshachagua mkeka wa kufunga kiunoni, vazi letu la heshima, kwa siku hiyo.

Jumamosi ya mwisho kabla ya posa, Motekiai alileta kikapu cha nguo, akamkonyeza, akaenda kusimama nyuma ya foleni akizungumza na wanakwaya wenzake. Kalolaine akatia mkono kwenye mfuko wa tupenu huku akitabasamu peke yake. Vidole vikagusa kitu chembamba cha plastiki. Akakitoa.

Kilikuwa kipimo cha mimba. Mistari miwili.

Kalolaine hakuwa na mimba, na hakuwa na njia ya kuwa nayo, maana walikuwa wakingoja ndoa. Damu ilimpanda kichwani. Mfuko uleule wa pipi na hereni! Mfuko alioungoja wiki nzima! Mama Fusi alimwona uso, akaokota kopo haraka akamnyooshea.

"Tia humu, mwanangu. Tia, ufunge."

"Sifungi kitu!"

Akakirusha juu ya kaunta mbele ya foleni nzima, mbele ya mke wa mchungaji na kikapu chake.

"Motekiai! Njoo uchukue pipi yako! Au hii ya leo ulimsahaulia mwingine?"

Motekiai akaja, akakitazama kile kitu, uso ukamsawijika. Kisha akachukua kipimo, akakirudisha mfukoni kwake, akatoka bila nguo zake.

Jioni simu ililia. Kalolaine aliiacha ilie, kisha akaipokea kwa hasira kama anayemnyang'anya mtu.

"Kalo, hakuna mwanamke mwingine."

"Basi kimetoka mbinguni?"

"Hakuna mwingine. Naapa."

"Ni cha nani, Mote? Nitajie jina tu. Hata ukinidanganya, nidanganye vizuri."

Alisikia nguruwe wakikoroma.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, mpenzi."

"Usiniite hivyo! Nenda kamwite huyo mwenye mistari miwili!" Akakata, akalia hadi shangazi yake akaja kuketi naye kitandani.

Asubuhi Motekiai alikwenda kanisani na shati lenye doa la zambarau, maana jeupe lake lilikuwa bado kwa dobi. Habari zilikuwa zimeshatangulia. Baba yake, mzee wa kanisa, alimtoa kwenye safu ya kwaya mbele ya watu wote akamkalisha benchi la nyuma. Posa ikavunjwa. Kalolaine alimwona, akajiambia moyoni: na akome. Lakini wimbo ulipoanza, sauti nene haikuwepo, na hata yeye aliusikia ule upungufu.

Siku ya kazi iliyofuata, duka likiwa tupu, aliingia msichana aliyejifunga mkeka mpana kiunoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa Silia. Hakuwa na kikapu.

"Kile kipimo ni changu," akasema.

Kalolaine akaachia pasi.

"Nilikisahau dirishani bafuni. Kaka akaingia kunyoa ndevu, akasikia viatu vya baba vinakuja, akakisukuma mfukoni. Nadhani alitaka kwenda kukitupa mbali, akasahau. Nilipokikosa nikajua ni yeye. Lakini ningemuuliza vipi? Naye angeniuliza vipi?"

"Kaka yako alishika kitu chako kama kile?" Kalolaine alinong'ona. Hilo lilikuwa jambo lisilofikirika, na kwa kuwa halifikiriki hakulifikiria.

"Alikishika. Kisha akabeba aibu yangu kwenye benchi la nyuma, na baba anamwita mhuni mezani, na yeye anakula tu." Machozi yalimshuka Silia asiyafute. "Nimeshamwambia mama. Mwenye mimba yuko Australia anachuma matunda, arudi anioe, au asirudi. Hilo ni langu. La kwako ni hili: mwanamume wa kwetu akikuambia 'siwezi', akanyamaza hata akiaibishwa, anamnyamazia nani?"

"Dada yake," Kalolaine akajibu.

"Ulijua. Sote tunajua. Ulinyooshewa kopo, ukachagua kaunta." Akatoka.

Tangu hapo Kalolaine hakujua aumie upande gani. Alijiona amesalitiwa, akalia machozi ya kweli. Kumbe na yeye alikuwa amesaliti, tena hadharani, mfuko wa mtu aliyemwamini nao. Mama Fusi hakumkaripia. Alikwenda kabatini akatoa mkeka mkuukuu, umechanika pembe zote, akamfunga nao, naye mwenyewe akajifunga mwingine. Wakachuma majani ya mti wa ifi, wakayasuka, wakayavaa shingoni, kama afanyavyo mkosaji anayekwenda kuomba msamaha. Wakatembea barabarani mchana kweupe. Yule msafishaji wa mashati ya mji mzima, mtu akimtazama, aliona matambara matupu.

Wakakaa chini mbele ya nyumba, vichwa vimeinama. Hawakukaa mbele ya mlango wa Motekiai. Walikaa mbele ya mlango wa Silia, kwa kuwa ndiye aliyevunjiwa heshima, na kwa kuwa kwetu dada, hata akiwa mdogo, humzidi kaka kwa heshima.

Jua liliwachoma. Majirani walipita polepole. Mwisho mlango ukafunguka, Silia akaja akasimama mbele yao.

"Nimekuvunjia heshima," Kalolaine akasema akiangalia mchanga. "Sina la kujitetea."

Silia akainama, akamvua majani shingoni.

"Inuka, wifi."

Wifi! Kalolaine alilia upya. Upande wa pili wa nyumba, nyuma ya ukuta, Motekiai alikuwa amesimama akisikia kila neno, na hakuweza kutokea mpaka dada yake aingie ndani. Na Silia alipoingia, bado hakutokea.

Alitokea Jumamosi, kwenye foleni, na kikapu chake. Hakukonyeza. Kalolaine akapokea nguo, akainua tupenu nyeusi. Mifuko yote miwili ilikuwa imeshonwa midomo, haiingii hata kidole. Uzi mweupe kwenye nguo nyeusi, mishono mirefu iliyopinda, ya mtu asiyejua sindano.

"Nimeishona mwenyewe," Motekiai akasema taratibu. "Kuanzia leo ukitaka kujua kitu changu, niulize."

"Na ukiniambia huwezi?"

"Uniamini."

"Umenisamehe, Mote?"

"Nimekusamehe." Akatazama kaunta, pale pale kilipoangukia. "Bado inaniuma, lakini."

"Na mimi inaniuma. Uliniacha nilie wakati nilikuwa wako."

"Najua."

Mke wa mchungaji alikuwa nyuma yao akisubiri, ametega sikio. Kalolaine akapitisha kidole juu ya mshono.

"Mshono wenyewe mbaya."

"Mbaya sana," akakubali. "Mama ameshasema na baba, wazee watakuja Jumatatu. Kama hutaki, sema sasa, wasije wakabeba nguruwe bure."

"Waje," akasema Kalolaine.

Akaifua tupenu ile kwa mkono, akaipiga pasi, na hakufumua hata uzi mmoja. Siku ya harusi Motekiai aliivaa. Wageni waliuliza mbona bwana harusi ana nyuzi nyeupe mapajani, na bibi harusi, kwa mara ya kwanza maishani, hakumjibu mtu.