Gari Lisilomjua Mwenyewe

Jua lilikuwa limeshagusa vichaka vya miiba vya mathenge nilipotoka nyumbani na dumu tupu la mafuta ya taa. Nilikuwa nalirudisha kwa jirani yangu Masha. Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, na hapa Minjila matope ya mafuriko ya Elninyo yalikuwa bado laini. Ukitembea, ardhi ilikuvuta viatu kama mtoto anayekukataza kwenda.

Uani kwa Masha sikusikia redio. Nilisikia mkewe, Winfred, akigumia.

"Mwalimu, umeletwa na Mungu," alisema Priscilla, mkunga wetu, akitokeza mlangoni na leso kiunoni. Mikono yake ilikuwa na damu. "Winfred ameshikwa na uchungu kabla ya mwezi wake. Mtoto amekaa ubavu. Mimi nimefika mwisho wangu. Huyu anataka hospitali, tena upesi, au tutawazika wawili."

"Na gari?"

Alinionyesha kwa kidevu.

Masha alikuwa amesimama kando ya gari lake jeupe, ufunguo mkononi, akibonyeza kile kidude chake cha kufungulia milango. Anabonyeza. Anakitikisa. Anabonyeza tena. Siku zote gari lilimjibu kwa mlio, na vile vijiti vinne vya loki kwenye milango vikaruka juu pamoja. Jioni ile lilinyamaza. Masha alikuwa amelazwa na malaria kwa muda, gari halikuwashwa, na betri ilikuwa imekufa.

"Tumia ufunguo wenyewe," nilimwambia.

"Tundu limeshika kutu, Mwalimu. Tangu maji ya mafuriko yalipofika kwenye vioo. Ufunguo hauingii hata nusu."

Tungeweza kulisukuma likawaka bila betri. Lakini kwanza mtu aingie ndani, aweke gia, ashike usukani.

Roba, jirani yetu mfugaji, alikuja mbio kutoka zizini kwake, shuka begani. Alikuwa amesikia vilio.

"Ng'ombe yangu haina betri, Masha," alisema. "Ikilala, napiga fimbo, inaamka."

Siku nyingine Masha angemjibu, nao wangetaniana mpaka giza liingie. Jioni ile hakumtazama hata.

"Tupate waya," nilisema. "Tuupenyeze juu ya kioo, tuvute kijiti cha loki. Ni kazi ndogo."

"Hapana."

"Basi tuvunje kioo."

"Hapana, Mwalimu!" Alinisogelea. "Gari hili... limekagwa."

Roba alirudi nyuma hatua moja. Hakuhitaji kuelezwa. Watu wa huku wanajua kago. Mwenye shamba akichoka kuibiwa mahindi humwita mganga aliwekee kago. Mwizi akiingia haumwi na kitu, hapigwi na mtu. Huona bahari. Amesimama pakavu, katikati ya mahindi, lakini macho yake yanaona maji pande zote, naye huanza kuogelea. Huogelea hadi mwenye mali aje amguse bega na kumwambia, "Toka, nimekusamehe." Mwenye mali asipokuja, mwizi huzama.

"Waliponiibia magurudumu, nilimwita Mzee Gunga," Masha alinong'ona. "Akazunguka gari mara nyingi, akafukiza, akatema mate kwenye kila mlango. Akasema, 'Atakayelifungua kwa ufunguo ni mtu wako. Atakayeingia kwa njia nyingine ni mwizi, na kago halitamuuliza jina.'"

"Tumwite Gunga alitegue."

"Gunga amekufa. Ile homa ya baada ya mafuriko."

Ndani ya nyumba Winfred alilia. Kilio kirefu, kisha kifupi, kisha kimya kilichonitisha kuliko kilio.

Sikuwa mtu wa kuamini kago. Lakini haikuwa saa ya kubishana na baba wa watu. Nikamwambia polepole, kama unavyozungumza na mtoto aliyepanda juu ya mti na kuogopa kushuka:

"Masha, sikiliza. Nitaingia mimi. Likinishika, wewe mwenye mali upo hapa hapa. Utanigusa bega, utanitoa."

Alifikiri. Uso wake ukalegea.

"Naam," alisema. "Naam, kaka. Ingia wewe. Mimi nitakutoa."

Roba alikata waya kwenye uzio wa kuku. Nikaukunja ncha kama ndoana. Masha akaingiza mpini wa kijiko kwenye ukingo wa mlango wa dereva, akaubanua ukaachana na bodi kidogo, nami nikaupenyeza waya. Ukateleza. Nikaujaribu tena. Kijiti kilikuwa kidogo, na giza lilikuwa linaingia.

Ndipo nilipoisikia harufu.

Chumvi. Mwani unaooza.

Bahari iko mbali na Minjila. Upepo wetu hunuka ng'ombe na matope ya mto. Nilimtazama Roba. Pua yake ilikuwa imepanuka, naye alikuwa ameanza kusoma dua midomoni bila sauti.

Waya ukanasa. Nikavuta... taratibu... kijiti kikapanda.

Tak.

Nilikuwa nashika mlango ili niingie Winfred alipopiga ukelele.

"Masha! Masha, nakufa!"

Masha alinipiga kumbo, nikaanguka kwenye matope.

"Masha, ngoja! Tulikubaliana!"

"Gari ni langu," alisema, huku akiketi kwenye usukani. "Litanijua."

Mlango ukajifunga. Hakuna aliyeusukuma.

Kisha, kimoja baada ya kingine, vijiti vya loki vikashuka.

Tak. Tak. Tak. Tak.

"Imefunga na nini?" Roba alinong'ona. "Betri si iko kufa?"

Niliegemeza uso kwenye kioo. Masha alikuwa ameshaingiza ufunguo penye usukani. Alinionyesha kwa mkono tusukume. Kisha akatazama chini, miguuni pake, akakunja uso kama mtu aliyekanyaga dimbwi. Akainua mguu mmoja. Akainua wa pili. Akapandisha magoti kitini.

Akainua kidevu.

"Masha!" Nilipiga kioo kwa viganja. "Mwenye mali ni wewe! Jiguse bega! Jisamehe!"

Hakunisikia. Masikio yake yalikuwa yameshazama katika kitu ambacho mimi sikukiona. Kichwa kilifika kwenye paa la gari. Midomo ilibusu paa ikitafuta hewa. Mikono ilianza kupiga, kulia, kushoto, kama ya mtu asiyejua kuogelea.

Roba alileta mchi wa kutwangia. Pigo la kwanza kioo kilikataa. La pili kikapasuka. Nilitumbukiza mkono kumshika bega, ingawa sikuwa mwenye mali, nikapiga kelele: "Toka! Umesamehewa! Toka!"

Mkono wangu uliingia kwenye baridi.

Nilipouchomoa, ulikuwa umelowa hadi kiwikoni. Kiti kilikuwa kikavu. Sakafu ilikuwa kavu. Masha alikuwa ameinama juu ya usukani, macho wazi, na nywele zake zilikuwa zinaelea juu taratibu, kisha zikatulia.

Tulimtoa kupitia dirishani. Alikuwa mzito kuliko alivyokuwa akiwa hai. Kinywani mwake mlitoka maji, na maji hayo yalikuwa na chumvi.

Winfred tulimpakia kwenye mkokoteni wa punda. Roba na Priscilla walimpeleka gizani kwenye matope yale, wakisukuma kila mahali gurudumu liliponasa. Aliuliza mara moja tu mumewe yuko wapi. Priscilla akamwambia anatengeneza gari. Walifika hospitali alfajiri. Mama aliokolewa. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshachoka njiani; alizaliwa hana pumzi.

Daktari aliyeukagua mwili wa Masha alisema moyo ulisimama, malaria ilikuwa imemdhoofisha. Nilimuuliza kuhusu maji. Akaniuliza, maji gani?

Tulimzika. Gari lilibaki uani, dirisha moja limevunjika na milango imefungwa. Na kila jioni, jua likigusa mathenge, vioo vilivyobaki viliingia ukungu. Kwa ndani. Watoto walisema wanasikia kitu kikigonga paa, polepole, kutoka chini yake. Nami nikasikia. Sikuwaambia watoto kwamba nimesikia.

Wazee wa Kigiriama, wa ukoo wa Masha, walikuja kutoka upande wa kusini, wakakaa na Winfred.

"Bado amo mle," walimwambia. "Mumeo alikufa akiwa mwizi, na hajasamehewa. Mwenye mali sasa ni wewe, mwanangu. Mtoe."

Winfred alikuwa amekonda, leso imemzunguka mara mbili. Alilisogelea gari bila kuogopa. Nadhani hakuwa amebakiwa na kitu cha kuogopea. Aliweka kiganja juu ya mlango wa dereva, ule wenye kutu.

"Toka, Masha," alisema. "Nimekusamehe."

Tak. Vijiti vikapanda, vyote vinne. Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu, na ile harufu ya chumvi ikatupiga usoni. Ndani hapakuwa na mtu. Wazee wakashusha pumzi.

Lakini mimi nilikuwa namtazama Winfred. Alisogea kando kidogo, kama unavyompisha mtu mlangoni. Kisha akaanza kurudi nyumbani kwa ile njia nyembamba, akitembea ukingoni kabisa, upande mmoja ameuacha wazi. Alipofika aliushikilia mlango kwa muda kabla ya kuufunga.

Mzee mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, "Anamshikia nani mlango?"



Nyumba yangu na yake zinatazamana, katikati ni uzio tu. Siku chache baadaye, baada ya magharibi, nilikuwa nimekaa nje nikamsikia Winfred akizungumza ndani, kwa upole, kama mtu anayemsihi mwenzake.

"Na mtoto je? Mbona hukuja naye?"



Kisha mtu akakohoa. Kikohozi kizito, cha kifua kilichojaa maji.