Dadu ya Wendell

Kila Jumamosi, akishamsaidia baba yake kuondoa theluji mlangoni, Maren Solheim alishika njia ya maktaba ya mji wao mdogo wa Wisconsin. Katika chumba cha chini, yeye na wenzake walicheza mchezo wa mezani wa mashujaa na majitu. Kila mtoto alikuwa na shujaa wake, Bwana Halvard mkutubi alisimulia, na jambo la hatari likitokea, dadu ya pande ishirini ndiyo iliyoamua. Kisha Maren, aliyejaliwa mkono wa kuchora, aliyageuza yote kuwa katuni iliyoitwa Kikosi cha Majivu. Shuleni kwao iligombaniwa.

Sheria haikuwa na mjadala: katuni ilifuata dadu ilivyosema. Shujaa akifa, amekufa, hata mwenyewe alie vipi. Na mchezaji asipokuwepo, rafiki yake alimrushia.

Majira hayo ya baridi Wendell, mmoja wa wachezaji, hakuwepo. Alilazwa hospitali kwa saratani ya damu, na dadu yake ya kijani, ya shujaa wake Odrak, alikuwa amempa Maren. "Nitunzie Odrak wangu," alimwambia. "Wewe nakuamini."

Jumamosi moja, Kikosi kilikuwa kinakimbia majitu. "Odrak na Sirel wamebaki darajani, na kamba zinakatika," Bwana Halvard alisimulia. "Warushiwe wote wawili. Mwenye namba ndogo anaanguka."

Sirel alikuwa shujaa wa Maren, naye ndiye aliyepamba jalada la kila toleo. Maren alirusha dadu mbili nyuma ya mkoba wake. Nyeupe, ya Sirel, ilitoa tatu. Ya kijani ilitoa kumi na saba. Akatazama huku na huku, hakuna aliyeona.

"Odrak tatu," alisema, akizikusanya haraka. "Sirel kumi na saba."

"Maskini Wendell," alisema Petra, mwenzao. "Hata huku hana bahati."

Maren alilichora anguko la Odrak kwa ustadi wake wote, akaipeleka katuni hospitali. Wendell alikuwa amekonda sana, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi. Alisoma polepole mpaka ukurasa wa mwisho.

"Umemchora vizuri," alisema, kisha akageukia ukutani. "Ni mambo ya kitoto tu, najua. Nilikuwa najiambia, Odrak akivuka, na mimi nitavuka. Basi, dadu imeshasema."

Maren alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kuaga akaenda zake, na siri ingebaki yake.

"Dadu haikusema hivyo," alisema. "Tatu ilikuwa yangu. Nilidanganya ili Sirel asife."

Wendell aliifunga katuni, akaiweka pembeni.

"Ningeweza kumpa mtu yeyote dadu yangu," alisema mwishowe. "Nikakupa wewe. Nenda nyumbani, Maren."

Jumamosi iliyofuata Maren alijikaza, akakiri mbele ya wote. Petra alimwangalia kwa dharau. "Yaani umemwibia mgonjwa kitandani? Na matoleo ya mwaka jana je, tuyaamini vipi?" Maren alizichana kurasa za darajani, akaanza upya. Alipomchora Sirel akianguka mtoni alilia sana, lakini hakubadilisha kitu. Odrak akavuka.

Petra ndiye aliyelipeleka toleo jipya hospitali. Aliporudi alikuwa na ujumbe mfupi: Wendell amelisoma mara mbili, na kuanzia sasa dadu ya kijani itarushwa na Petra.

Maren aliitoa mfukoni, akamkabidhi. Wengine walipoondoka, alibaki akimsaidia Bwana Halvard kupanga viti.

"Si nimesema kweli?" aliuliza, machozi yakimlengalenga. "Na katuni nimeirekebisha. Atanirudishia lini?"

"Sijui, binti yangu," alisema Bwana Halvard. "Katuni ilichorwa upya kwa wiki moja. Mtu akikuamini, kisha ukamdanganya, huwezi kumchora upya. Utasema kweli Jumamosi hii, na inayofuata, na nyingine, watu wakuone. Huenda akakurudishia. Huenda asikurudishie kabisa, nawe utasema kweli hivyo hivyo."

Maren alifuta macho, akaendelea kupanga viti.