Neno Lisilotajwa Ghalani

Kwa nini mtu aliyetengeneza mvinyo maisha yake yote aingie ghalani bila mshumaa? Binti yake alisimama mlangoni asubuhi ile ya mawingu, akajiuliza. Baba yake alikuwa kifudifudi kando ya tangi kubwa, mwili umeshapoa. Juisi ya zabibu inapochacha hutoa hewa nzito yenye kuua, inayotuama chini kama maji. Mshumaa ukizimika, huingii. Baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti hivyo.

Tangi lilikuwa bado linatokota. Tundu la hewa, chini ya ukuta, lilikuwa limezibwa kwa gunia lenye madoa meusi mabichi.

"Kwa hiyo marehemu amelala hapa tangu jana jioni?" Inspekta wa polisi aliuliza alipofika.

Msimamizi wa ghala, mzee waliyemwita Kizibo, alishtuka kama aliyechomwa sindano. "Afande, neno hilo humu halitajwi. Tangu ndugu yangu afie humu, mvinyo ukiisha kuchacha sisi husema umetulia. Neno la usingizi wanalotumia wengine, hapana."

"Makubwa! Na kuziba matundu, mnasemaje?"

Kizibo alirudi nyuma hatua moja. Funguo za ghala zilikuwa kiunoni mwake, na wiki iliyopita alikwaruzana na marehemu hadharani. Inspekta alimfunga pingu.

Katika chumba cha kuonjea, baba mdogo wa binti alitoa maelezo yake bila kuinua macho.

"Jana mchana kutwa nilikuwa mteremkoni, navuna zabibu nyeusi. Niliteremka mara moja tu, kunywa maji. Nikamsikia huyu mzee akimwambia kaka, 'Ingia tu bosi, mvinyo umelala.' Kaka akaingia. Mvinyo ukilala, mshumaa wa nini?"

"Mwongo mkubwa wewe!" Kizibo alifoka. "Mungu anakuona!"

"Ananiona, na wewe anakuona na hizo pingu."

Binti aligeuka kumtazama baba mdogo. Alitamani asiwe amelisikia neno hilo. Mama alikwisha kufa. Baada ya baba, damu yake yote duniani ilikuwa mtu huyu aliyembeba mabegani utotoni.

"Baba mdogo," alisema polepole, "una hakika alisema umelala?"

"Kwa masikio yangu haya, mwanangu."

"Mzee Kizibo hajalitamka neno hilo tangu nizaliwe. Wavunaji wote hulikwepa. Wewe tu ndiye uliyekuwa ukiwacheka, ukilisema kwa makusudi."

"Ulimi huteleza, binti."

"Na gunia? Zabibu zote zilizokwisha kufika hapa ni nyeupe. Nyeusi ziko mteremkoni mpaka sasa, lori halijazifuata. Nani aliteremka na gunia lenye madoa yake?"

Inspekta aliacha kuandika. Baba mdogo alitazama viganja vyake, vyeusi hadi kwenye kucha, akavificha chini ya meza. Kisha akavitoa tena, kama mtu aliyechoka.

"Nilimwambia mimi kwamba umelala," alisema. "Aliniamini. Hata hakugeuka kunitazama."

"Kwa nini?" Inspekta aliuliza.

"Mizabibu ile ya mteremko babu yetu aliipanda kwa vipandikizi alivyobeba mgongoni. Imezeeka, inazaa konzi tu. Nilitaka tuing'oe, tupande mipya. Kila mwaka kaka ananiambia, subiri, mdogo wangu. Mvi zimenijaa kichwani, bado mimi ni mdogo wake! Nilidhani atazirai tu, daktari amwambie apumzike, ghala niliendeshe mimi."

"Ukaziba tundu ili azirai tu?"

Baba mdogo aligeukia dirisha. Nje, wavunaji walikuwa wamekaa juu ya makreti matupu.

"Mwanangu," alisema akimgeukia binti, "umebakiwa na mimi peke yangu. Waambie ulichanganyikiwa kwa msiba. Wataelewa."

Binti alilia kwanza, bila kujificha. Kisha akajifuta uso na kuwageukia wote watatu.

"Afande, mfungue Mzee Kizibo. Maelezo yangu nitayaandika sasa hivi, na mahakamani nitayarudia mbele ya baba mdogo."