Wimbo Uliozima Redio

Kila siku saa nne asubuhi, Roda huvaa visikizio, hukohoa kidogo pembeni, kisha huwasha kipaza sauti. Studio yake iko Mpemba, kando ya barabara kuu ya Tunduma. Ni chumba kidogo. Ukutani wamebandika sponji za magodoro ili ngurumo za malori yanayokwenda mpakani zisiingie hewani. Zinaingia hivyo hivyo.

"Wa Ileje mpo? Wa Isansa mpo? Mnaopalilia kahawa, poleni na kazi," husema. "Leo tuna kwaya, tuna kipindi cha kilimo, tuna salamu zenu. Saa saba kamili, matangazo ya vifo. Baada ya hapo, matangazo ya serikali. Usiende mbali."

Matangazo ya vifo yana wimbo wake. Ni kinanda kitupu, polepole, bila maneno. Kikianza, hata wauza vocha pale nje hushusha sauti. Kwa hiyo Roda aliamini kwamba hiyo ndiyo saa yenye masikio mengi kuliko zote. Tangazo zito alikuwa akiliweka hapo, mara tu baada ya majina ya marehemu.

Alhamisi moja, kwaya ikiwa hewani, mlango uligongwa. Akaingia Bwana Clement, afisa mifugo, viatu vimejaa tope jekundu.

"Roda, lile tangazo la mbwa umelisoma?"

"Juzi na jana. Neno kwa neno."

"Basi watu wa Isansa wameziba masikio kwa pamba. Yule mbwa tuliyemuua Jumatatu alikuwa na kichaa. Mate yanamchuruzika, anang'ata hata mawe. Jumapili aling'ata watu watatu. Wawili wamefika hospitali. Wa tatu hajaonekana."

"Ni nani?"

"Hawamjui vizuri. Mtoto wa kike, alikuwa anatoka kanisani. Sweta jekundu, lina kifungo kimoja cha njano."

Roda alivua visikizio. Kifungo kile alikishona mwenyewe, kwa uzi mweusi, maana chekundu alikikosa sokoni. Sweta lilikuwa la Goodness, binti yake wa miaka minane, anayeishi Isansa kwa bibi yake, mama Tukuswiga.

Alipiga simu. Mara mbili alibonyeza jina la mtu mwingine.

"Mama, Goodness yuko wapi?"

"He! Redio imekufundisha kuingia bila hodi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Yupo hapa, anapukuchua mahindi. Leo hakwenda shule, mguu unamuuma kidogo."

"Aling'atwa na mbwa?"

Roda alisikia kuku wakilia kule upande wa pili.

"Si kung'atwa hasa," mama alisema. "Jino liligusa tu hapa kwenye muundi. Nikapaka majivu na pilipili. Kidonda kimefunga. Sikutaka kukutia hofu kazini."

"Mama! Si nimetangaza juzi na jana?"

"Saa ngapi?"

"Baada ya matangazo ya vifo."

Mama akavuta pumzi. "Kile kinanda kikianza, mimi nakuzima, mwanangu."

Miaka minne nyuma, kaka yake Efraimu alifukiwa na kifusi kwenye shimo la dhahabu kule Saza. Wazee walikuwa bado njiani kuleta habari. Mama alikuwa akichambua maharage, redio iko pembeni, kinanda kikapiga, jina la mwanawe likatajwa. Hakuwahi kulisema jambo hilo tena.

"Wala si mimi peke yangu," mama aliendelea. "Mama Gwantwa anazima. Mzee Zabron ndiyo kabisa, anatoka nje anakwenda kusimama na ng'ombe."

Bwana Clement akaomba simu.

"Shikamoo, mama. Mimi ni afisa mifugo. Kuogopa, ogopa, lakini usikae. Chukua sabuni. Miminia maji kwenye kidonda, yawe yanatiririka, uoshe kwa robo saa nzima. Majivu yote yatoke. Usipake kitu kingine. Halafu mpeleke hospitali, leo hii."

"Kidonda si kimefunga, baba?"

"Kufunga si kupona. Ugonjwa huu hupita kwenye mishipa ya fahamu, taratibu, mpaka ubongoni. Mtu anaweza kukaa wiki, hata miezi, anacheza tu. Siku dalili zikianza, hakuna dawa ya kumponya. Lakini chanjo ikitangulia, mtoto anaokoka."

"Na siku nne hizi? Hatujachelewa?"

Bwana Clement alimtazama Roda kabla ya kujibu. "Kila saa ina maana, mama. Nenda."

Kwaya ilikuwa inaishia. Roda akavaa visikizio tena.

"Wasikilizaji, leo sifuati ratiba. Sikilizeni hili kabla ya kitu kingine chochote." Akaeleza habari ya mbwa, sabuni, maji na hospitali. "Na kama una jirani anayezima redio saa saba, mpigie hodi sasa hivi. Mtoto wangu mwenyewe ni mmoja wa walioumwa."

Akamwachia kiti Moses, mtangazaji mwenzake, akaondoka mbio.

Aliwakuta hospitali. Goodness alikuwa amekaa kwenye benchi, anachezea kile kifungo cha njano. Bibi yake alikuwa amevaa kandambili zisizofanana.

Nesi Marta alikiosha kidonda upya. "Leo sindano ya kwanza," alisema. "Na dawa hii nyingine naichoma kuzunguka kidonda. Sindano zinazobaki tarehe zake ziko kwenye kadi. Msiruke hata moja, hata mkimwona anarukaruka kama mbuzi."

"Dalili zenyewe ni zipi, nesi?" Roda aliuliza.

"Homa. Kuwashwa pale alipoumwa. Halafu mgonjwa anashindwa kumeza maji. Anayaogopa."

Roda alimchukua Goodness wakakae Mpemba. Kila asubuhi alimpa kikombe cha maji, akamtazama koo.

"Mama, mbona unanitazama shingo?"

"Kunywa tu, mwanangu."

Siku moja mtoto alipaliwa. Maji yakamtoka puani. Roda akashika meza.

"Nimecheka maji yakiwa mdomoni," Goodness alisema, huku anajifuta kwa mkono wa sweta. Roda hakucheka.

Sindano zikaisha, moja baada ya nyingine, kadi ikajaa. Homa haikuja. Bwana Clement naye alichanja mbwa wote wa Isansa kwenye uwanja wa shule. Mama Tukuswiga alimleta wake, Askari, amemfunga kwa upande wa kanga, anamkemea njia nzima.

Redioni nako mambo yalibadilika. Mama ndiye aliyesema: "Tangazo la hatari lisikae nyuma ya marehemu." Sasa husomwa asubuhi, mchana kabla ya kinanda, na jioni. Na mtu akileta tangazo la kifo, Roda humuuliza kwanza: "Ndugu wa karibu wameshaambiwa?" Kama bado, jina halisomwi.

Jumamosi moja baada ya sindano ya mwisho, Roda alikwenda Isansa pamoja na Goodness. Alikuta mama anachambua maharage. Redio ilikuwa inazungumza, Moses yuko hewani. Ilipofika saa saba, kinanda kikaanza.

Mkono wa mama ulikwenda kwenye kitufe. Ukakaa hapo. Kisha akapunguza sauti kidogo tu, akasikiliza majina yote mpaka la mwisho, midomo imebana.

"Haya," alisema.

Goodness akaingia kutoka nje, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akachota maji mtungini, akainua kikombe. Wanawake wale wawili waliacha maharage, wakamtazama koo. Mtoto alikunywa kwa kishindo, glu, glu, mpaka tone la mwisho.

"Bibi, naomba mengine," alisema.

Roda akainuka mwenyewe, akamchotea.